Michoro ya Msichana wa Nansio

Kidato cha tatu nilikaa meza moja na msichana wa Nansio ambaye viganja vyake vilitoka jasho. Halikuwa jasho la joto, ingawa karakana yetu ilikuwa chini ya kilima cha mawe na bati liliwaka. Lake lilitoka kila aliposhika penseli, hata asubuhi za mvua. Alitandika kitambaa chini ya mkono, kitambaa kikalowa, penseli ikapaka, akafuta, karatasi ikatoboka.

Ilikuwa shule ya ufundi, na wasichana tulikuwa wachache. Somo la kuchora ndilo lililotupima wote. Aliyeshindwa kuchora alihesabiwa kuwa hafai umeme, hafai ujenzi, hafai chochote.

Mimi nilihesabiwa kuwa najua. Mistari yangu ilinyooka, herufi zangu zilikaa sawa, na mwalimu alizoea kuinua karatasi yangu darasa zima liione. Nami niliamini. Kumbe nilichojua ni kunakili ubaoni.

Siku moja mwalimu alileta kipande cha mbao alichokichonga mwenyewe. Upande mmoja kilikuwa na vidaraja, upande mwingine kimekatwa mshazari, na tundu limepita katikati. Kila mmoja wetu alikishika kidogo, kisha mwalimu akakifungia kabatini.

"Haya, chora kinavyoonekana kwa mbele, kwa juu na kwa kushoto."

Mchoro wa mbele niliuchora vizuri sana. Baada ya hapo nikakwama. Nilifumba macho nikajaribu kukigeuza kile kipande kichwani, kikakataa kugeuka. Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa ameelekeza macho dirishani, anarudi kwenye karatasi, anachora, anatazama tena nje ambako hakukuwa na kitu. Karatasi yake ilijaa alama za vidole, lakini vidaraja vilikuwapo, na tundu alikuwa amelionyesha kwa mistari ya kukatakata, ile inayotumika kwa kilichojificha ndani.

"Umejuaje?" nilimnong'oneza.

"Nimejua nini? Si unaona nilivyochafua?"

Karatasi ziliporudi, yake ilikuwa imepigwa vema kwenye michoro yote mitatu. Juu, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika neno moja: CHAFU. Yeye aliliona hilo tu. Mimi nilikuwa na mchoro mmoja, safi. "Wewe unajua," mwalimu aliniambia, "umekosa muda tu."

Jioni, tukiwa bombani tunafua, mwenzangu alisema, "Nimeomba simu ya matroni, nimempigia baba. Naacha shule. Nakwenda kujifunza kushona."

"Uache kwa nini? Una vema tatu!"

"Mwalimu kanihurumia."

"Mwalimu yule? Amewahi kumhurumia nani?"

Alicheka, akaendelea kukamua sketi. Nikamwambia ukweli, kwamba asiyeweza ni mimi, kwamba kile kipande kilikataa kugeuka kichwani mwangu. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayefarijiwa na rafiki mwema. "Unasema hivyo kwa sababu wewe unaweza," alisema.

Baba yake alikuja na meli kutoka Nansio, mzee mrefu aliyeshika kofia mkononi muda wote. Nilimkuta nje ya ofisi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, naomba usimtoe. Kuchora anajua kutuzidi sisi wote."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yeye anasemaje?"

"Anasema hawezi."

"Basi, mwanangu, nimfanyeje? Nimemsihi kwa simu, nimemsihi na hapa, analia tu. Nikimwacha hapa kwa nguvu, akaumwa?"

Msichana alitoka na sanduku lake, akanikumbatia. Mkono wake ulikuwa mkavu kabisa.

Mtihani wa mwisho wa kuchora nilishindwa, na walimu wakashangaa kuliko mimi. Sasa nauza vifaa vya ujenzi Kisesa. Mwaka jana yule msichana wa Nansio na mumewe walikuwa wakijiandaa kujenga, akaja dukani kwangu kutafuta saruji. Alitandaza ramani ya nyumba juu ya kaunta, akainamisha kichwa kidogo.

"Mlango huu wa chumbani ukifunguliwa," alisema, "utagongana na wa choo."

Niliangalia. Mimi niliona mistari.

"Mwambie fundi kabla hajaanza."

"Nimwambie mimi? Yule amesomea."

"Basi nipe namba yake nimpigie."

"Usinitie aibu, dada. Labda ni macho yangu tu." Akaikunja ramani.

Walipohamia alinipigia kunikaribisha. Nikamuuliza kuhusu milango.

"Inagongana," alisema. "Ukitaka kwenda chooni, lazima ufunge kwanza wa chumbani. Watoto wameshazoea."