Koja la Pipi la Pelenato

Kwao Samoa mtu hajivishi koja. Mchezaji akimaliza mechi kubwa, mama au shangazi hushuka uwanjani na koja la pipi, pipi zilizofungwa kwenye uzi pamoja na makaratasi yake, akamtia shingoni mbele ya watu. Ukijivisha kwa mkono wako mwenyewe, heri ubaki shingo tupu.

Pelenato alilijua hilo, na bado Ijumaa alikaa kitandani, katika chumba chake cha kupanga kule Point, mtaa wa bandarini Durban, akajitungia koja. Kesho yake ilikuwa mechi yake ya mwisho, na Durban nzima hakuwa na mama wala shangazi.

Miaka kumi na saba alikuwa ameitoa kwa raga. Alichukuliwa kijijini akiwa kijana, mabega kama mlango, akapelekwa New Zealand, kisha Ufaransa, kazi yake kusukuma skramu mstari wa mbele, pale shingo zinapogongana. Mama yake alifariki Samoa, yeye yuko Ufaransa. Klabu ikasema msimu haujaisha, naye akacheza. Hilo hajajisamehe hadi leo. Durban ilimwita kwa mkataba mnono, lakini goti likavunjika, na la kuvunda halina ubani. Waliompigia makofi wakasahau hata jina lake. Akabaki na klabu ndogo ya mtaani kila Jumamosi, na siku nyingine akilinda mlango wa ghala.

Mtu pekee aliyefurahi kumwona alikuwa Huguette, Mkongo mwenye saluni jirani. Siku ya kwanza Pelenato aliingia kunyolewa, akasikia Kifaransa, moyo ukatulia. Tangu hapo akawa haishi kuja. Ndevu hazijaota, yeye huyo anataka zinyolewe! Wanawake wa mle ndani wakamtania kwa ukubwa wake, wakamfundisha Kiswahili chao.

Huguette ndiye Pelenato aliyemwambia, “Mama Huguette, Jumamosi njoo unione nikicheza. Ni ya mwisho.”

“Nitakuya, papa Samoa! Nitapiga kelele mpaka refa akimbie.”

Habari ya koja hakuitaja. Uso umeumbwa na haya, na heshima ya kuomba haina ladha. Angemkabidhi palepale uwanjani, amnong'oneze amvishe, basi. Jitu zima lile halikufikiri kwamba Jumamosi ndiyo siku saluni inapovuna, harusi na ibada ya kesho zote zikipitia kwenye nywele.

Walifungwa. Filimbi ilipolia, wenzake walikumbatiwa na wake zao na watoto. Pelenato alisimama na begi lake kando ya mstari, macho langoni, mpaka bendera za kona zikaanza kung'olewa. Tuseme wazi: alitaka kulia, na hakuwa na wa kumlilia.

Akapanda teksi hadi Point, matope miguuni. Saluni ilikuwa imefurika.

“Eish, pardon, papa Samoa!” Huguette alisema, vidole vikiwa kwenye kichwa cha mteja. “Wateja iko mingi, sikuweza kutoka. Mulishinda?”

Pelenato alilitoa koja begini, akamwekea mikononi, akainamisha kichwa na kungoja.

Sasa, katika saluni ile, anayeingia na kitu cha kutafuna amewaletea wote. Huguette akashika mkasi wa kukatia rasta, akaukata uzi, pipi zikamwagika kwenye beseni.

“Merci, papa! Pitisheni, kila mtu achukue.”

Pelenato alikuwa bado ameinama. Akajinyoosha polepole.

“Ni anniversaire yako?” akauliza Libérate, msusi wa pili, pipi shavuni.

Kueleza kungemwaibisha Huguette, na kosa halikuwa lake.

“Ndiyo,” akasema.

Basi wakamwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa! Wateja wenye nywele nusu walipiga makofi, Huguette akampaka poda kichwani kama Wakongo wanavyompaka mtu wa sherehe. Hakuwahi kuimbiwa hivyo Durban, na hakuwahi kuwa peke yake kiasi kile.

“Uko na miaka ngapi, papa?”

“Kumi na saba,” akajibu, akihesabu ile ya raga.

Saluni nzima ikaangua kicheko. Huguette alicheka mpaka machozi, akaona na Pelenato anafuta yake, akafurahi zaidi. Akampa pipi moja iliyobaki, naye akaifungua, akaila.