Bwana Chumvi wa Mtendeni

Jina lake halisi lilikuwa Twalibu, lakini waliolitumia walikuwa mkewe na karani wa mishahara tu. Watu wengine wote wa mtaa wa Mtendeni walimwita Bwana Chumvi. Yafaa tueleze jina hilo lilivyompata, maana wageni walidhani alikuwa na duka.

Twalibu alikuwa bwana afya wa mji wa Tabora katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Alikuwa Mzaramo, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na neno la mtani, hata liwe kali namna gani, halimkasirishi mtu. Kwa bahati mbaya, halimwaminishi mtu pia.

Jirani yake, Mama Apolinaria, mjane wa Kinyamwezi, alichemsha masega ya asali nyuma ya nyumba ili apate nta ya kuuza. Maji aliyooshea masega na mapipa aliyamwaga katika shimo lililokuwa karibu mno na kisima chake, ambamo mtaa mzima ulichota maji. Tangu mvua zianze, maji ya kisima yalinuka kama togwa iliyochacha, na Mwanajuma, binti mdogo wa Twalibu, aliharisha hadi mashavu yakambonyea.

Twalibu alivaa kofia yake ya kazi, akaenda kwa mjane.

"Shikamoo, mama. Sheria ya mji inakataza shimo la maji machafu karibu na kisima. Uchafu unapenya ardhini. Mnakunywa maji ya kuoshea masega."

"Marahaba, mla nazi!" alijibu Mama Apolinaria, na wanawake waliokuwa kisimani wakacheka hadi ndoo zikamwagika. "Mmemsikia? Kwao wanaoga maji ya chumvi, leo anatufundisha maji matamu!"

"Nasema kweli, mama. Mwanangu anaumwa."

"Masikini! Mpe asali," alisema kwa huruma ya kweli, akamfungia kipande cha sega katika jani.

Alirudi tena na tena, akachekwa vilevile. Angeweza kumpeleka mahakamani, lakini Mzaramo wa kumshtaki mtani wake angekosa hata wa kumsalimia. Basi aliamua kwamba, ikiwa watu wanasikia utani tu, atasema nao kwa utani.

"Mpagazi," alimwambia mbele ya watu, "tuwekeane dau. Namwaga gunia la chumvi ya Uvinza katika shimo lako. Chai yako ikibaki tamu, nitabeba nta yako kichwani hadi stesheni, kama babu yako alivyobeba pembe za Waarabu. Ikiingia chumvi, shimo linahama."

"Mzaramo abebe mzigo? Mwaga hata mawili!"

Chumvi ikamwagwa. Siku zikapita, mvua ikanyesha, chai ikabaki tamu. Mke wa Twalibu alimshauri aanze mazoezi kwa kubeba kinu.

Hata Jumapili moja, Mama Apolinaria alirudi kutoka misani na wakwe zake, akawaandalia chai. Baba mkwe alionja, akaweka kikombe chini taratibu, akauliza kwa adabu kama nyumba hii hunywa chai ya chumvi.

Mama Apolinaria akaonja mwenyewe, kisha akatoka nje mbio.

"Mzaramo! Umeniaibisha mbele ya wakwe!"

"Si mimi, mama. Ni shimo lako."

Alilitazama shimo, akakitazama kisima, kisha shimo tena. "Kumbe yule mtoto..."

"Ndiyo, mama."

Akarudi ndani kwa wakwe. Asubuhi yake alibisha kwa Twalibu akiwa na jembe.

"Shika jembe. Aliyeharibu chai ya wakwe ndiye atakayechimba."

Twalibu alichimba shimo jipya chini ya mteremko, mbali na kisima, huku mjane akibeba udongo kwa karai na kukosoa kila pigo la jembe. Shimo la zamani likafukiwa, kisima kikakombwa, na mtaa ukachemsha maji ya kunywa hadi maji ya kisima yalipotakata.

Mvua zilipokwisha, mashavu ya Mwanajuma yalikuwa yamejaa tena. Jioni moja Twalibu alikwenda kisimani kumchotea mkewe maji.

"Onja kwanza, Bwana Chumvi," Mama Apolinaria alimwita kutoka jikoni. "Huenda nimekulipizia kwa sukari."

Akaonja. Maji hayakuwa na ladha yoyote. Akaijaza ndoo, akatandaza jani juu yake maji yasimwagike, akakifunika kisima.