Nyimbo Kumi na Mbili za Baba

Baba aliingia dukani kwangu Jumatatu asubuhi akiwa amebeba beseni la plastiki kichwani, kama mama anayetoka mtoni na vyombo. Duka langu liko katikati ya Likasi, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Watu huja kuandikisha barua za kuomba kazi na kutoa nakala za vyeti. Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakampisha. Akateremsha beseni juu ya meza, akaondoa kitambaa, nikaona kaseti zimejaa mpaka ukingoni. Nyingine hazikuwa na maganda, nyingine zilikuwa na mwandiko wake wa zamani, wino umefifia.

"Nataka disque moja, CD," akasema. "Moja tu. Bintu yote nilipiga, tangu mwanzo mpaka leo. Lakini bile bizuri tu."

"Papa, hizi kaseti ni ngapi?"

"Minye sijue. Ulizako mama yako. Yeye njo alikuwa anazihesabu akitaka kuzitupa."

Baba alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha shaba cha Shituru miaka yake yote ya nguvu, na Jumapili alikuwa mpiga gitaa. Si gitaa la rumba, ambalo kwetu hakuna mtaa unaokosa mtu wa kulipiga. Yeye alipiga bluzi na roki. Katika ujana wake alikuwa na redio iliyoshika vituo vya Zambia, ng'ambo ya mpaka, na huko ndiko alikosikia gitaa linalolia na kukwaruza, akaamua hilo ndilo lake. Chombo cha kukwaruzisha sauti hakikuuzwa popote hapa, basi akajitengenezea mwenyewe kwa vipande vya redio mbovu ndani ya kopo la sardini. Kopo hilo amelikanyaga kwa mguu katika harusi, sikukuu za parokia na baa za Shituru kwa zaidi ya miaka arobaini. Mimi na ndugu zangu tulifanya kazi zetu za shule gitaa likinguruma nyuma ya ukuta.

Tukaanza kazi. Kila saa kumi, wateja wakipungua, baba alikuja na redio yake ya kaseti, nami nikaiunganisha na kompyuta kwa waya. Yeye alikaza tepu zilizolegea kwa kuzizungusha na kalamu ya biki, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Halafu tukasikiliza. Na kusikiliza kukaleta ubishi.

"Toa hiyo," alisema.

"Papa, hii ni nzuri!"

"Kidole kiliteleza. Hukusikia? Rudisha."

Nikarudisha. Kidole kiliteleza kweli, na mimi nilipenda pale hasa, kwa sababu baada ya kuteleza alicheka, na kicheko kimo ndani ya kaseti. Yeye alitaka nyimbo zisizo na kasoro. Mimi nilitaka zile ninazozikumbuka. Kuna mmoja aliourekodi sebuleni kwetu siku mvua kubwa ilipopiga mabati. Badala ya kungoja ipite, aliamua kupiga pamoja nayo, na mvua ndiyo ngoma ya wimbo huo. Yeye aliuita takataka. Mwishoni tukapatana: sita zake, sita zangu, na hakuna wa kumkatalia mwenzake.

Sita zake zote zilikuwa na solo ndefu kama barabara ya kwenda Kolwezi. Hata hivyo watu walianza kubaki dukani bila shida ya kubaki. Mama mmoja mzee aliyekuja kutoa nakala ya cheti cha ubatizo alisimama mlangoni na karatasi yake mkononi, akacheza mabega wimbo mzima, akapeperusha cheti mara moja hewani, akaenda zake. Baba alijifanya hakumwona. Lakini jioni hiyo alimsimulia mama yangu mara mbili.

Nyimbo kumi na moja zikapatikana. Uliokosekana ulikuwa wa kwanza kabisa, ule alioupiga kabla sijazaliwa, akiwa na wenzake wawili. Mpiga ngoma alishafariki. Aliyebaki ni mpiga besi, rafiki yake wa utotoni, na kaseti pekee ya wimbo huo ilikuwa kwake, Kapolowe, alikohamia kulima. Tatizo ni kwamba baba na mtu huyo hawakuwa wamesemezana tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Uende umuombe," mama alimwambia tukiwa mezani, tukila bukari, ugali wa kwetu.

"Siwezi. Yeye njo aliacha besi chini mbele ya bantu."

"Na weye njo ulipiga solo mpaka bibi harusi akaenda kukaa."

Hapo ndipo nilipojua kisa chenyewe. Ilikuwa harusi. Rafiki yake alitaka wapige rumba ili watu wacheze. Baba akaingia kwenye solo yake na hakutoka. Maharusi walicheza, wakachoka, wakakaa. Wageni wakakaa. Mpiga besi akaweka gitaa chini, akaenda kuchukua sahani ya chakula, akala akimtazama baba anavyopiga peke yake. Hawakugombana hata kwa neno moja. Kila mtu alienda kwake, na miaka ikapita.

Jumamosi tukapanda gari kwenda Kapolowe. Baba alibeba gitaa lake na hakueleza kwa nini. Njiani alilipakata. Alipapasa mfuko wa gitaa kama mtu anayetuliza mtoto. Nilikuwa na hofu kuliko yeye. Nilishapanga maneno ya kusema kama tungefukuzwa.

Tulimkuta rafiki yake shambani, nyuma ya nyumba, akimwagilia kabichi. Mzee mrefu, mwembamba, kofia ya majani kichwani. Alituona, akaweka ndoo chini. Alimtazama baba, akalitazama gitaa, akamtazama baba tena.

"Ulisha kumaliza ile solo?" akauliza.

Baba aliinamisha kichwa. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, na yule mzee naye akaanza, wakashikana mikono katikati ya kabichi wakicheka kama watu waliopungukiwa na akili, wakizikanyaga.

"Kabichi! Mzee, kabichi yangu!" mke wa yule mzee alipiga kelele kutoka jikoni, kisha akaona ni nani, akaja mbio akifuta mikono.

Tukapewa viti, tukapewa kinywaji cha munkoyo baridi, na habari za watoto wa pande zote zikaelezwa kwanza, mmoja mmoja. Ndipo nikauliza kuhusu kaseti. Mke akaingia ndani, akarudi nayo imefungwa katika kipande cha kitenge. Hakunitazama usoni.

"Papa," alimwambia baba, "unisamehe. Tulikosa kaseti tupu, nikarekodi koro ya bamama ba parokia juu yake. Sikujua ni kintu ya maana."

Tukaiweka katika redio yao. Sauti za kwaya ya akina mama zikatoka, nzito na safi, wakiimba wimbo wa kanisa wa polepole. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Halafu ikasikika *tak*, na gitaa la baba likaingia katikati ya solo, likikwaruza na kuruka, la kijana ambaye sikuwahi kumjua, na besi chini yake ikitembea kwa furaha. Nusu ya kwanza ya wimbo ilikuwa imepotea kabisa.

Yule mama alishika mdomo.

"Rudisha nyuma," baba akasema.

Nikarudisha. Alisikiliza macho yamefumbwa, kidole kikipiga juu ya goti. Tak.

"Beko mu ton moja!" akapaza sauti. "Munasikia? Bamama na gitaa, sauti ni ileile! Inaungana!"

Ilikuwa kweli. Akina mama walimalizia pale hasa gitaa lilipoanzia, kana kwamba walipanga. Baba alikuwa ameshatoa gitaa kwenye mfuko. Rafiki yake akaingia ghalani, akatoka na besi iliyokuwa imetundikwa nyuma ya magunia ya mahindi, ina vumbi, imebaki na kamba mbili.

"Kamba mbili zinatosha," akasema.

Mke wake akaimba wimbo wa koro tangu ubeti wa kwanza, nao wakamfuata. Walipofika kwenye solo, baba alipiga kidogo tu, kisha akapunguza, akamwangalia mwenzake.

"Endelea," yule mzee akamwambia. "Leo hakuna harusi."

Akaendelea. Nilirekodi yote kwa simu, nikicheka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, tulisikiliza disque nzima uani kwetu Shituru. Marafiki wa Kapolowe walikuja na samaki na nyanya. Majirani walileta viti vyao wenyewe. Wimbo wa kwanza, ule wa kaseti ya Kapolowe kama ulivyokuwa, ulianza na akina mama wa parokia, na watu wengi wakajiandaa kwa sala. Tak ilipofika, uani kulilipuka vicheko na makofi. Mama yangu, aliyetaka kuzitupa zile kaseti maisha yake yote, alicheza nyimbo tano mfululizo na mke wa mpiga besi, viatu wameviacha ukutani.

Baba hakucheza. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, sahani ya samaki magotini, akisikiliza kama mgeni. Nikakaa pembeni yake. Ulikuwa unapigwa ule wimbo wa mvua.

"Ule kijana," akaniambia, akionyesha spika kwa uma, "alikuwa anapiga, eh?"

"Alikuwa anapiga, papa."

"Ongeza sauti kidogo."