Madoa ya Mgomba kwenye Gari la Bwana Utafiti

Siku ya kwanza kazini sikuligusa gari. Nilifika asubuhi na mapema kwa Bwana Kilimo wa Bukoba, nimevaa shati la kuazima, nikakabidhiwa kwa dereva wake, Mzee Idrisa, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani. Akanizungusha gari mara tatu, mikono nimeifunga nyuma kama mtu anayekagua askari.

"Tazama kwanza," akasema. "Anayekimbilia kitambaa bila kutazama, huyo atakwaruza rangi."

Mimi nilitoka Izimbya, kijana wa kupalilia kibanja kizima kwa siku mbili, na nilidhani kuosha gari ni kumwaga maji. Niliona mzee ananichezea tu.

Ninyi mnaopeleka magari yenu kwa watu wenye pampu, sabuni ikiruka mpaka kwenye injini, kazi hiyo mimi siiiti kuosha. Wakati wa Mwingereza gari lilioshwa nyumbani, kivulini, kwa mkono. Juani sabuni hukaukia juu ya rangi ikaacha mabaka. Tope letu jekundu lina mchanga ndani yake, kwa hiyo halisuguliwi. Lilimwagiwa maji kuanzia juu ya paa, likaachwa lilainike, likamwagiwa tena mpaka lishuke lenyewe. Ndoo zilikuwa mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na ole wako Mzee Idrisa akute umezichanganya.

Baada ya hapo ilikuja ngozi ya kukaushia, ngozi laini ya mnyama ambayo ikilowa inanyonya maji bila kuacha alama. Mwisho ndiyo nta. Ilitoka kwenye kopo la bati, ngumu kidogo, unachota kiasi cha punje ya kahawa kwa kitambaa cha flana. Unapaka kwa kuzungusha, sehemu ndogo ndogo, mlango kwanza, kisha madigadi, kisha boneti. Unangoja ififie, ndipo unang'arisha kwa flana nyingine kavu. Mzee Idrisa alikuwa anainama juu ya boneti na kukenua. Akihesabu meno yake yote, umefaulu. Kwa bahati mbaya meno yenyewe yalikuwa machache, kwa hiyo nilifaulu mapema.

Bwana Kilimo alipohamishwa, nami nikahamishiwa Maruku, kwenye kituo cha utafiti wa migomba na kahawa. Mkubwa wa pale tulimwita Bwana Utafiti. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mfukoni hakukosa kioo cha kukuzia vitu. Gari lake lilikuwa la rangi ya maziwa, rangi ambayo haimfichii mtu kosa. Aliendesha mwenyewe, na mimi nilikuwa mtunza gari peke yangu, kwa majaribio ya miezi mitatu.

Majaribio hayo yalikuwa maisha yangu. Nikithibitishwa, ningepewa nyumba ya vyumba viwili pale kituoni. Bila nyumba, hakuna mke. Nilikuwa nimepeleka posa Rubafu kwa binti aitwaye Kokushubira, na baba yake, Ta Yohana, mzee wa kanisa la Kilutheri, alikuwa amenijibu wazi: "Waitu, mwanangu, sikukatai. Lakini binti yangu hawezi kuolewa na mtu anayelala stoo pamoja na majembe." Tena dada yake Ta Yohana, Ma Elizabeti, alikuwa mpishi wa wafanyakazi hapo hapo Maruku. Nikikohoa Jumatatu, Rubafu wananipa pole Jumatano.

Mwezi wa tatu ukaingia. Ijumaa moja Bwana Utafiti akaniambia, "Kesho Bwana Mkubwa wa Jimbo anashuka melini. Mimi nampokea. Gari iwe kama mpya."

Nikaenda kuchukua ngozi yangu, nikakuta mbwa wa Bwana ameitafuna, kimebaki kipande cha kufutia miwani. Kitambaa cha kuoshea nacho alikuwa amekigawa mara nne. Mhaya akikosa cha kusugulia anakwenda wapi? Nikaingia kwenye migomba. Nyumbani kwetu mama alitusugua kwa nyuzi za mgomba tangu tukiwa wachanga, nyuzi laini zilizopondwa, na sote tulitoka tunang'aa. Nikakata kigogo cha mgomba uliokuwa umetoka kuvunwa, nikaponda, nikakamua haraka haraka, nikalisugua gari lote. Lilipendeza! Maji yalitiririka, rangi ya maziwa ikacheka. Nikajisifu peke yangu, kisha nikaenda kula.

Niliporudi, gari lilikuwa na madoa. Kahawia kwenye boneti, kahawia kwenye milango, na michirizi juu ya paa kama mtu amelimwagia chai. Mama alikuwa anazikausha nyuzi zake na kuzisuuza siku kadhaa. Mimi nilitumia mbichi, na utomvu wa mgomba, kila Mhaya anajua, huonekana maji tu mpaka ukauke. Mimi nilijua kwa nguo na mikono, ila kwa gari sikuwaza. Niliiona nyumba ya vyumba viwili inaondoka, na Kokushubira yuko ndani yake.

Bwana Utafiti akatokea. Akasimama. Akatoa kioo chake, akainamia mlango kwa muda mrefu sana.

"Hii ni ugonjwa," akasema. "Kuvu fulani. Imetoka majani ya juu, au namna gani?"

Mungu anisamehe, nilitamani kuitikia. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, na kuvu halina baba wala mama wa kulitetea. Lakini Ma Elizabeti alikuwa amesimama hatua chache tu, na beseni la ndizi kichwani, akitazama. Sijui kama ni yeye aliyenitia aibu au ni nafsi yangu.

"Si ugonjwa, Bwana," nikasema. "Ni mimi. Nimeliosha kwa mgomba mbichi. Huo ni utomvu."

Akanitazama, akatazama mashamba yake ya migomba, akanitazama tena. Masikio yakawa mekundu.

"Mimi nasoma mgomba miaka mingi," akasema, "na mgomba anakuja kuharibu gari yangu! Kesho asubuhi saa mbili iwe safi. Isipokuwa safi, rudi kwenu."

Alipoondoka, Ma Elizabeti akatua beseni, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mawe, mama yangu! We mwanamume, umewahi kuona mwanamke anamenya ebitoke, ndizi mbichi hizi, kwa mikono mikavu? Tunapaka samli kwanza. Utomvu unaogopa mafuta, hauogopi maji."

Akaniletea samli kwenye kibuyu. Nikapaka doa moja kwenye mlango, nikangoja, nikafuta kwa flana. Likatoka! Nta niliyopaka wiki iliyopita ilikuwa imekinga, doa lilikaa juu yake bila kufika kwenye rangi. Palipogoma niligusa kwa mafuta ya taa kidogo. Kisha nikaosha mafuta yote kwa sabuni, mara mbili, nikapaka nta upya gari zima. Mchana huo hadi jua kuzama sikukaa chini. Asubuhi Bwana Mkubwa wa Jimbo alipolikaribia gari, alijitazama kwenye mlango, akanyoosha tai yake. Jumatatu Bwana Utafiti akanithibitisha.

Ta Yohana naye akakubali. Hakuuliza chochote juu ya gari, nami nikamshukuru Ma Elizabeti moyoni kwa kufunga mdomo. Tulioana, tukakaa Maruku miaka mingi, kisha tukahamishiwa Muleba kwa Bwana Shauri, ofisa wa utawala, aliyekuwa na gari jeusi na hasira fupi. Uhuru ulinikuta huko, nikaendelea na wakubwa wetu wenyewe, ambao nao walipenda kujiona kwenye boneti. Nilistaafu mgongo ukiwa umepinda, lakini naweza kusema hakuna gari lililotoka mikononi mwangu na mchubuko.

Siku ya kuniaga, Ma Elizabeti, wakati huo bibi kizee, alikaa karibu yangu. Nikamwambia namshukuru kwa siri aliyonitunzia miaka yote hiyo.

"Siri gani?" akasema. "Ta Yohana nilimwambia Jumapili ileile. Alikuwa bado anasitasita juu yako. Nikamwambia, huyu mpe binti, akiharibu kitu anasema mwenyewe."

Nikamgeukia Kokushubira. Alikuwa anatafuna senene, wala hakushtuka.

"Mimi pia niliambiwa," akasema. "Ulidhani nilikukubali kwa sababu ya nyumba?"

Machozi yalinitoka mbele ya wageni wote, na sikuyafuta.