Tulivyowasafishia Wakaguzi Mtaa

Tangazo lilisomwa kikaoni siku ya Jumatatu, na sote tulilisikia vizuri. Wataalamu wangepita Alhamisi kukagua barabara, mitaro, maji, taa na taka za mtaa wetu hapa Bagamoyo. Mwenyekiti alisoma mpaka mwisho, pamoja na pale palipoelezwa kwamba mitaa yenye hali mbaya zaidi ndiyo itakayojengewa mitaro ya zege kwanza. Tulitikisa vichwa kukubali. Kisha kila mmoja akarudi kwake na jambo moja tu kichwani: wageni wanakuja.

Mimi ni mjumbe wa kamati, na nakiri kwamba upuuzi wote uliofuata niliuongoza mimi. Jumanne nilipita nyumba kwa nyumba, kanga kiunoni, nikiwasema watu. Mgeni aje akute mtaro umejaa vifuu na mifuko? Aibu hiyo tungeipeleka wapi? Jumatano wanaume wakauzibua mtaro wetu wa udongo kutoka juu mpaka chini, wakafukia mashimo ya barabara kwa kifusi na mchanga, wakashindilia kwa gogo. Mhindi mwenye duka la kona alitoa chokaa, tukapaka mawe ya pembeni. Taka zilizorundikana karibu na bomba tulizihamishia ng'ambo ya barabara kubwa, ambako si mtaa wetu, na sikuona ubaya wowote. Tulipomaliza nilisimama kule juu, nikautazama mtaa unavyoteremka, msafi, mweupe pembezoni, nikajisikia kama mama wa bibi harusi.

Chini kabisa ya mtaa, pale maji yote yanapoishia, anaishi shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea. Nyumba yake ni ya kizamani. Baraza na sebule ziko juu, lakini chumba chake cha kulala kiko nyuma, kimeshuka ngazi mbili kuelekea uani. Masika ya mwaka ule maji yaliingia humo. Mwanawe anayeishi Lugoba, kando ya barabara kuu, alikuja kumtazama, akaona mkeka ulivyooza, akatamka kwamba maji yakiingia tena masika ijayo, anamhamishia kwake. Shangazi hakubishana naye. Mwanawe alipokwisha kuondoka ndipo aliponiambia, "Lugoba nikafanye nini, mwanangu? Nikatazame malori?" Akacheka, kisha akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike mumewe. Nilitaka abaki kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na bado, siku moja kabla ya ukaguzi, nilimsaidia kupaka chokaa kuta za chumba kile ili alama ya maji isionekane. Akili yangu ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi walikuja wawili: mhandisi, binti wa bara mwenye viatu vizito na sauti ya upole, na mwanamume aliyebeba kishikwambi cha kuandikia na kupigia picha. Mimi ndiye niliyewatembeza. Kila mlango tuliposimama ilikuwa shikamoo, marahaba, karibuni ndani, na sahani ya kaimati juu. Binti alikuwa na maswali yake marefu, lakini alianza kistaarabu kama alivyofunzwa kwao.

"Habari za hapa?"

"Njema."

"Na mvua zikinyesha, hali inakuwaje?"

"Salama tu, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Ndivyo tulivyo. Kwetu hata mwenye mgonjwa mahututi ndani huanza na salama, unaketi, unapewa maji ya kunywa, ndipo habari yenyewe inapotoka. Binti wa watu alikuwa na mitaa mingine mitatu siku hiyo, hakuwa na muda wa kuketi. Alisikia salama, akaona mtaro safi usio na hata kifuu kimoja, akamwambia mwenzake aandike, wakasonga mbele.

Katikati ya mtaa nilichungulia kishikwambi. Mtaro: mzuri. Barabara: nzuri. Taka: hakuna. Nilifurahi, naapa, nilifurahi kwa hatua kama kumi hivi, mpaka nikaikumbuka ile sehemu ya tangazo. Nikasimama palepale. Tulikuwa tunajipeleka wenyewe mwisho wa foleni, na mbele yangu niliiona nyumba ya shangazi.

"Bi Mhandisi," nikasema, "tumekudanganya. Mtaro huu tumeuzibua jana. Mashimo tumeyafukia jana. Hata taka tunazo, ziko pale ng'ambo."

Majirani walinitazama kana kwamba nimevua nguo barabarani. Mmoja akasema kwa sauti, makusudi nisikie, "Maskini, jua limempiga."

Mhandisi alijifuta jasho. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. "Mama, siwezi kuandika maneno. Naandika ninachokiona."

"Basi njoo uone," nikamwambia, nikatangulia mbio mbio.

Shangazi alikuwa barazani, amejitanda vizuri, udi unafuka sebuleni, kahawa tayari. Salamu zilipita zote, wala hakuruka hata moja. Nikamwinamia sikioni nikamwambia nataka wageni wakione chumba chake.

"Chumba changu kina nini?"

"Shangazi, unajua kina nini."

"Mgeni hukaribishwa sebuleni," akasema, sasa kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Mimi chumba changu si ofisi."

Hasira zangu ziko karibu, na machozi yangu hayako mbali nazo. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mtaro tutaukosa, maji yatarudi, mwanawe atakuja na gari kumchukua, na mimi sitaki. Nina wajukuu wawili, lakini hilo "sitaki" lilinitoka huku nikipiga mguu chini kama mtoto. Shangazi akaviringisha ncha ya mtandio wake kidoleni. Kisha akasimama.

"Mwanamume abaki barazani," akaamuru. "Binti aingie."

Chumbani kila kitu kilikuwa cheupe. Mhandisi akazungusha macho asione kitu cha kuandika. Shangazi akaelekeza kidole kwenye kabati lake la mvule, ambalo mimi na yeye tulishindwa kulisogeza tulipokuwa tunapaka chokaa. "Shikeni huku." Tulisukuma watatu, likasogea kwa kukwaruza sakafu. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeota ukungu, na mstari wa tope ulipita umenyooka, sawa na goti langu. Mhandisi akachuchumaa, akatoa futi yake, akapima.

"Maji yalikaa muda gani, bibi?"

"Siku mbili," nikajibu mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyojua. Siku mbili barabara haikupitika, nikawa nampigia simu. Baada ya hapo nilifika kila asubuhi mpaka barazani, namwuliza umeamkaje, ananijibu salama, nami naenda zangu sokoni bila wasiwasi.

"Siku tisa," alisema shangazi.

Hakunitazama. Alimtazama yule binti, ambaye hawakuwa wamejuana naye hata nusu saa, akamweleza yote: alivyokipandisha kitanda juu ya matofali badala ya kuhamia sebuleni, watu wasije wakajua, alivyokuwa akishuka alfajiri kwenda msalani huku ameshika ukuta, alivyoswali juu ya godoro kwa sababu hapakuwa na pengine pakavu chumbani. Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwelekeza mwenzake mapishi. Binti aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye daftari. Alipotoka hakuenda kwenye gari. Alirudi mpaka juu ya mtaa akaanza upya, safari hii akikichokonoa kifusi chetu kwa ncha ya kiatu.

Walipokwisha kuondoka nilibaki na shangazi, kabati bado limekaa katikati ya chumba.

"Siku tisa, shangazi? Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza habari, nikakujibu."

Mtaa wetu uliwekwa kundi la kwanza. Mtaro wa zege ulijengwa kiangazi hicho hicho, wenye mifuniko, na watu sasa wanalalamika kwamba mifuniko inapiga kelele bodaboda zikipita juu yake, ndiyo kusema wameshauzoea. Masika ya mwaka huu maji yalishuka kwa kishindo, yakapita nje ya nyumba ya shangazi, yakaenda zake baharini. Mwanawe alikuja, akapapasa kuta za chumba kwa kiganja, akanywa chai, akarudi Lugoba peke yake. Tulimpungia mikono barazani, na shangazi alikuwa na raha ya kuonekana waziwazi.

Siku hizi siishii barazani. Napitiliza mpaka chumbani, naketi kitandani kwake, namwuliza umeamkaje. Ananijibu salama, nami nabaki nimekaa. "Si nimeshakujibu?" ananiambia, "huna kazi leo?" Namkunjia nguo tu. Juzi nilizikunja karibu zote, ndipo akaniambia kwamba goti la kushoto limemnyima usingizi tangu wiki iliyopita.