Mabati ya Nyumba Yangu ni Ng'ombe wa Dada

Jina langu libaki kwenu wenye ukurasa, nawaombeni sana. Wakubwa zangu shikamooni, kama mpo bado, maana nina miaka themanini na moja. Ni mwalimu mstaafu, nimefiwa na mke, naishi Rusimbi hapa Kigoma. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, msinicheke.

Naishi na dada yangu, nimwite Stefania, ananizidi miaka miwili. Mumewe alipofariki nilimchukua nimtunze. Sasa anaumwa, moyo umechoka, daktari ameshatuambia tusitarajie makubwa. Wiki iliyopita mjukuu wake wa kike alikuja na karatasi. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya masomo ya Biblia, ila ada ni ya mkopo. Akaniuliza, "Babu, wewe uliisoma. Hivi inalipa kweli?"

Kabla sijafungua mdomo, dada akadakia kutoka kitandani: "Ya babu yako hatujawahi kuijutia. Angepata hela angenitoa kule kwa mume. Hakupata tu, masikini." Chai ilinipalia. Nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Jamani, nilizipata.

Kwetu ni Ilagala. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kanisa likanichagua nikasome Biblia nje ya nchi, kijana wa kwanza kijijini. Kanisa lilitoa nusu, nusu iliyobaki ikawa juu ya baba. Baba alikuwa na nyavu mbili na madeni. Akaja mwanamume wa kule juu milimani, mtu mzima, mfugaji, akamposa dada kwa ng'ombe wanne. Dada hakumtaka. Alilia siku mbili. Baba akamwambia mbele yangu, "Nenda, mwanangu. Mdogo wako akirudi na shahada atapata mshahara, atarudisha ng'ombe za watu, nawe utarudi nyumbani." Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mahari ikirudi, mwanamke yuko huru. Nikaapa kwa mdomo wangu. Ng'ombe wale waliuzwa, nikapanda treni na suti mpya.

Nilisoma kwelikweli, sidanganyi. Andiko langu la mwisho lilihusu sheria za kale za ndugu kumkomboa ndugu yake aliyeuzwa. Maprofesa walinipa mkono. Lo! Mtu unaweza kuandika kurasa sitini za kitu na usikijue.

Kurudi, shahada ikawa heshima tupu. Waumini walinilipa mihogo na dagaa, na "Bwana akubariki Mwalimu". Ilipokuja Ujamaa, serikali ikatafuta wasomi wa kusimamia kisomo cha watu wazima, nikaacha mimbari nikachukua kazi hiyo. Hapo ndipo nilipoonja mshahara. Niliweka akiba kwenye sanduku miaka miwili mpaka ikatimia thamani ya ng'ombe wanne. Nilizihesabu hela zile mara tatu.

Wiki hiyohiyo mfanyabiashara mmoja wa Ujiji akaniambia ana mabati, yanachukuliwa Jumamosi, asiyefika asilaumu. Mabati yalikuwa adimu. Nilikuwa na mchumba, na wakwe walishaniuliza msomi mzima analala vipi chini ya nyasi.

Alhamisi dada akafika. Alikuwa ametoka milimani kwa miguu na kwa kudandia lori, jicho moja limevimba halifunguki. Alikuwa hajapata mtoto bado. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Mdogo wangu, zimetimia?"

Sanduku lilikuwa chini ya kiti alichokalia.

Nikasema, "Bado, dada. Sina." Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini nilichukua Biblia, nikamfungulia mistari ya ndoa, moja baada ya nyingine, nikamfafanulia mpaka Kiyunani chake, kwamba Mungu hapendi mke kuondoka. Mimi! Nilijua vizuri yale niliyoruka. Akanisikiliza kwa lile jicho moja, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma. Mimi najua nini?" Akala ugali, kesho yake akarudi kwa mumewe. Jumamosi nikaleta mabati.

Alikaa kule miaka arobaini na kitu. Alizaa sita, akazika wawili, mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Kila mwaka nilijiambia mwaka ujao nitampa, mara harusi yangu, mara watoto, mara bei zimepanda. Baadaye nikaacha hata kujiambia. Na kila aliponitembelea aliniombea, akisema Mungu anifungulie milango.

Sasa amelala chini ya mabati yaleyale. Juzi mchana mvua ilinyesha, akanishika mkono kwa ule wake mzima, akasema, "Sikia yanavyolia. Mungu amekulipa, Mwalimu." Nililia, yeye akadhani ni furaha, akanifuta machozi.

Nikimwambia ukweli, naogopa nitamuua. Nisipomwambia, atakufa akimshukuru mtu ambaye hajawahi kuwepo. Na binti yule anapiga simu kila siku, anasubiri jibu lake: inalipa au hailipi?

Ndugu zangu, msinionee huruma, sikuandika kwa ajili hiyo. Semeni tu: nianzie wapi, na yupi kati yao nimwambie kwanza? Fanyeni haraka, leo asubuhi dada hakumaliza uji.