Mtetea Aliyepelekwa Chang'ombe

Nakumbuka asubuhi ile kama ya jana, mwanangu. Nimechuchumaa uani kwetu Mwananyamala, navunja yai moja baada ya jingine, na yote viza. Kuku aliatamia mayai kumi na moja, wakatoka vifaranga wawili, mmoja vidole vimekunjika hata kusimama hawezi. Nililia, wala sioni haya kukwambia.

Hawakuwa kuku wa mchuzi wale. Walikuwa kuchi wa marehemu baba yangu, warefu, wanaotembea kama wamealikwa harusini. Baba aliniachia jogoo wake mwekundu, Hakimu, na mitetea watatu, akaniomba mbegu ile isipotee. Hakimu akiwika alimalizia kwa mkoromo mrefu, na mtaa mzima ulimjua.

Basi nikaapa damu ile haitoki nje ya geti letu. Majirani wakiomba mayai, nawanyima. Wakiniletea majogoo wao, nawarudisha nao na maneno juu. Ujana, mwanangu! Shingo yangu ilikuwa ndefu kuliko ya kuchi. Hakimu alipokufa nikamweka mwanawe, na mitetea wote walikuwa dada zake. Waliofuata nao hivyo hivyo. Kila uzao ulitoka dhaifu kuliko uliotangulia, nami nikalaumu pumba, nikalaumu ugonjwa wa kideri, nikamlaumu hata jirani kwa jicho lake.

Siku ile ya mayai nikamtia jogoo wangu wa mwisho kwenye tenga, nikaenda naye Chang'ombe kwa shangazi, dada yake baba, ambaye naye alifuga. Nilitaka dawa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyo nani?" Hata kiti hajanipa.

"Mjukuu wa Hakimu."

"Haya, babaake mtoto wa Hakimu. Mamaake?"

"Mtoto wa Hakimu pia."

"Na hao kuku wako wengine?"

Nikainama kukaza kamba ya tenga. Wote walikuwa wa Hakimu.

Unajua kwetu posa haijibiwi kabla watu hawajaulizana: wa nani, mama yake katoka wapi, isije ikawa wamenyonya ziwa moja. Mimi mwenyewe nilimhoji mchumba wa kaka yangu mpaka akatokwa na jasho. Kuku wangu sikuwauliza kitu.

"Sie tunaoana mabinamu, sikatai," akasema shangazi. "Lakini hata hao tunaulizana kwanza nani kanyonya wapi. We umemwoza kaka kwa dada, ukarudia tena, halafu unajisifu umetunza damu. Mie dawa ya hiyo sina."

Nilikuwa nanyanyua tenga langu niondoke pale jogoo alipowika nyuma ya nyumba, akamalizia kwa mkoromo mrefu. Nikaliweka tenga chini. Ilikuwa sauti ya Hakimu.

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. Kumbe zamani baba alimpa mtetea mmoja, dada yake Hakimu. Shangazi akamtafutia jogoo wa kuchi kutoka Unguja, asiye ndugu. Baadaye ndipo akaanza kuirudisha damu ya kwetu taratibu: kwa mjomba na mpwa, kwa babu na mjukuu, kaka na dada kamwe. Kila mmoja alimfunga kipande cha kanga mguuni, ajue nani wa nani, na aliyetoka dhaifu hakuachwa azae. Damu ikapona na nguvu ikabaki.

Akanipa jogoo yule, kwa sharti moja. "Mtetea wa kwanza atakayetoka, usimfungie. Mpe mtu wa mbali."

Njiani nilimkumbuka baba, nikaona haya na furaha kwa pamoja. Nilichokifungia kilikuwa kinakufa. Kilichobaki cha baba ni kile alichokitoa.

Leo ua wangu una kelele za kutosha, nami sina ninachodai. Na wewe unahamia Mbagala na mwenzio, basi njoo kesho na tenga. Kuna mtetea wako, kanga ya bluu mguuni. Mtafutie jogoo asiye ndugu yake, weka alama, usione aibu kuuliza mama ni nani. Na ukipata kizuri, usikitie kufuli. Kigawe kwa watu wenye akili.

Mungu akupe nyumba yenye amani na mayai yasiyoviza. Na siku mbegu yangu ikiniishia, nikaja kwako na tenga tupu, nimsikie Hakimu akiwika uani kwako. Nawe unipe kiti kwanza, ndipo uniulize.